Mshono wa Madigadi

"Mkasi wangu uko wapi?"

"Uko mezani."

"Nauona! Nauliza kwa nini haunyanyuki!"

"Punguza sauti, mama watoto, majirani..."

"Waache wasikie! Waje na masikio yao yote! Mume wangu kaugundisha mkasi wangu kwenye meza yangu, meza ya kukatia nguo, na leo Jumamosi!"

Ilikuwa saa moja na kitu asubuhi, na kelele zilikuwa zimeshatoka dirishani, zimepita chini ya kamba ya nguo, zinabisha hodi kwa watu. Mwanamke aliyekuwa akizipiga ni fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi, basi, hakuna zaidi. Mumewe, aliyejibana ukutani na shati lake jeupe, ni dereva wa pikipiki, na mtaa mzima ulimwita Kesho. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alijipa mwenyewe kwa mdomo wake. Ukimwambia bomba linavuja, kesho. Ukimwambia taa imekufa, kesho. Mlango wa mbele ulikuwa na miezi mitano haufungi. Unausukuma, unaburuta sakafu, unauinua kwa mguu, unafunga nusu, halafu unajifungua wenyewe taratibu kama mtu anayechungulia. Huo nao, kesho.

"Na hicho kwenye kiwiko ni nini?" Fundi akauliza.

Kesho akageuza mkono. Futi ya kupimia nguo ilikuwa imening'inia kwenye kiwiko cha shati, inabembea.

"Hiyo... hiyo nayo imeshika."

"Baba," akasema binti yao, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunywa chai na kufurahia maisha, "hiyo gundi imeshika kila kitu humu ndani isipokuwa madigadi."

Na kweli. Madigadi ya mbele ya pikipiki, plastiki nyekundu, ilikuwa pale pale mezani, vipande viwili, safi, kila kimoja kimelala kivyake kama vile havijawahi kukutana.

Sasa usimcheke sana. Jana yake ofisi moja ya kusafirisha vifurushi ilimpigia simu. Wanataka madereva watano, aje leo saa nne kamili na pikipiki yake ikaguliwe, na alete picha yake akiwa nayo. Kazi ya kila siku, si ile ya kushinda juani kijiweni unagombania abiria mmoja watu tisa. Aliisubiri simu hiyo miezi mitatu. Basi jioni akaitoa pikipiki uani, akaipangusa mpaka ikaona haya, akavaa kofia ngumu, akakunja mikono kifuani kama mtu wa kwenye bango. Binti yake akashika simu. Moja, mbili. Kabla ya tatu, stendi ikazama kwenye mchanga, pikipiki ikalala taratibu, naye akalala nayo, mikono bado ameikunja. Madigadi ikalipiga jiwe la kufulia. Kha! Pikipiki imesimama, haijawashwa, haiendi popote, mwenyewe yuko nyumbani kwake, na bado kaanguka. Watoto wa jirani walipiga makofi.

Alikimbilia duka la vipuri. Walipomtajia bei ya madigadi mpya aliuliza kama na pikipiki nzima imo humo. Akaenda kwa fundi wa plastiki, akakuta kufuli, na jirani wa fundi akamwambia fundi kaenda harusini, atarudi Jumanne kama hakunywa sana. Ndipo akanunua kichupa cha gundi, na Fundi alipokwenda kulala yeye akabaki mezani peke yake, anapaka, anabana, anaweka mkasi juu yake uwe uzito. Alipenda aamshe watu na kazi iliyokwisha. Aliamsha watu, hilo alifanikiwa.

"Saa nne," alisema sasa, sauti imepungua kabisa. "Walisema waziwazi. Pikipiki iliyovunjika plastiki hawaichukui, vifurushi vya watu vinapita mjini na jina lao. Nikikosa leo, wanachukua wengine."

Fundi alikuwa na maneno mengine kama kumi tayari mdomoni. Akamtazama mumewe, shati jeupe la kuazimwa kwa ndugu yake, futi kwenye kiwiko, uso kama wa mtoto aliyemwaga maziwa. Akayameza yote kumi.

"Leta hicho kitu hapa," akasema.

*

Binti yao alimaliza shule mwaka huo na alikuwa anasubiri matokeo, na kwa vile hana cha kufanya alikuwa anasahihisha watu. Nyumbani walimwita Mwalimu. Yeye ndiye aliyekipindua kipande cha madigadi, akakikodolea macho kwa ndani, akasema, "Kuna herufi hapa. P na P, ndani ya pembetatu."

"Ndiyo jina la aliyeitengeneza," akasema Kesho.

"Ndiyo jina la plastiki, baba. Plastiki ziko aina nyingi. Hii gundi haiishiki. Inayeyushwa, inaungwa na plastiki ya aina yake. Tulisoma."

"Mlisoma madigadi?"

"Tulisoma plastiki. Madigadi ni wewe uliyeivunja."

Fundi alikuwa ameviweka vipande viwili mapajani, anapitisha kidole kwenye ufa, taratibu, jinsi anavyofanya akiletewa gauni la mtu lililochanika siku ya sherehe. Kipande kimoja kilikuwa na nyufa mbili zaidi, ndogo, zimeanza tu, zinaelekea kwenye matundu ya skrubu.

"Hii imechanika," akasema.

"Imevunjika," akasema Kesho.

"Imechanika. Angalia. Hizi mbili bado zinatembea. Ukiunga hapa katikati tu, kesho kutwa zinaendelea zenyewe. Tundu la kifungo nalifanyaje mie? Natia uzi mwishoni, pale pale linapoishia, lisiendelee kuchanika. Kwa hiyo hapa na hapa tunatoboa katundu kadogo, kwenye ncha ya ufa. Ufa ukifika hapo unakuta njia imeisha. Halafu ndiyo tunashona." Akainua kichwa. "Mwalimu, hiyo plastiki ya aina yake inapatikana wapi saa hizi?"

Mwalimu alikuwa ameshaanza kuzunguka nyumba. Akapindua ndoo: herufi nyingine. Akapindua kiti cha plastiki, jagi, sahani ya mbwa. Akaingia bafuni.

"Mama! Iko! P na P! Na ni nyekundu hasa!"

"Ni nini?"

"Beseni la bibi!"

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka kabla hajamaliza kusema. Bibi, mama yake Kesho, alikuwa mtu wa kusikia anachotaka, na neno beseni alilisikia.

"Beseni langu lina nini?"

Wakatazamana wote watatu.

"Mama," Kesho akaanza, "unajua, mambo ya plastiki..."

"Nimeuliza beseni langu lina nini."

"Tunataka kulikata kidogo, mama mkwe," akasema Fundi. Yeye hakuwa mtu wa kuzunguka. "Ukingo tu. Kipande cha kushonea pikipiki ya mwanao, maana aliiangusha akiwa amesimama."

"Amesimama?"

"Amesimama, mama. Anapigwa picha."

Bibi akamgeukia mwanawe. Akamtazama kuanzia miguuni, polepole, mpaka akafika kwenye futi ya kiwikoni, hapo akakaa kidogo.

"Beseni hilo," akasema, "nilinunua siku huyu mjukuu wangu alipozaliwa. Aliogeshwa humo. Mimi naoshea miguu humo kila jioni, na miguu yangu imelizoea. Na wewe ulipokuwa mdogo ulianguka kitandani, ukaanguka mezani, ukaanguka mpaka kwenye mkeka. Mtu anaangukaje kutoka kwenye mkeka?"

"Mama, ni saa mbili kasoro."

"Kateni," akasema Bibi. "Lakini mnakata upande usiochorwa ua. Na nakaa hapa naangalia."

*

Mkasi ulitoka kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, kichupa kizima cha Mwalimu. Hapo ukazuka ugomvi mdogo wa pembeni, kwamba rangi ya kucha kaipata wapi na anampakia nani, ila hakukuwa na muda wa kuumaliza. Dawa iliishia kwenye mkasi. Futi ikabaki kwenye shati. Fundi aliikata kwa mkasi huo huo, kikabaki kipande cha sentimita saba kimeganda kiwikoni, hakibanduki, na shati lingine jeupe halikuwepo.

Wakahamia uani, penye hewa, maana plastiki ikiungua inatoa moshi mbaya. Mwalimu aliwasha jiko la mkaa. Fundi akaamuru madigadi ioshwe kwa sabuni mafuta yote yatoke, gundi kavu ikwanguliwe, kisha akavikutanisha vipande ukingo kwa ukingo na kuvibana kwa vibanio vya nguo, kama kumi na tano, mpaka madigadi ikaonekana kama nungunungu. Akachora ufa wote kwa chaki yake ya nguo. Akaweka bisibisi mbili kwenye makaa, moja ikipoa anachukua nyingine.

"Nishike nini?" akauliza Kesho.

"Shika hapa. Usipumue."

Akatoboa kwanza yale matundu madogo kwenye ncha za nyufa kwa sindano ya magunia iliyopashwa moto. Tsss. Kisha akapiga bandi, yaani akashikiza kidogo hapa, kidogo pale, kila upana wa kidole, bila kumaliza popote.

"Mbona unarukaruka?" akasema Kesho. "Anza huku umalizie huku."

"Wewe ukivaa suruali mguu mmoja mfupi mmoja mrefu unamlaumu nani? Fundi aliyeanza huku akamalizia huku. Kwanza inakaa sawa, ndiyo inashonwa. Shika!"

Akageuza upande wa ndani. Hapo akalaza waya mwembamba juu ya ufa, akaupasha kwa bisibisi mpaka ukazama kwenye plastiki, na juu yake akayeyusha vipande vyembamba vya beseni, kimoja kimoja, anakandamiza, anasukuma, anakandamiza. Jasho lilimtoka puani. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Kesho alikuwa ameoana na mkono huo miaka ishirini, na alikuwa ameuona ukikata, ukipika, ukimsukuma atoke kitandani, lakini ilikuwa kama hajawahi kuutazama. Akasahau kupumua kweli.

"Usizimie," akasema Bibi kutoka kwenye kigoda chake. "Ukianguka tena hapa hapa uani itakuwa mara ya pili. Utazoea."

Mwalimu akacheka mpaka chai ikamtokea puani. Fundi naye akacheka, akaondoa bisibisi kwanza, kisha akacheka vizuri. Kesho akajaribu kuendelea kununa, ikamshinda. Basi wakawa wote wanne wanacheka uani asubuhi ile, na kwenye ukuta vichwa vya watoto wa jirani vikachomoza kuangalia kama kuna mwingine kaanguka.

Saa tatu na robo vibanio vilitolewa. Mwalimu alipitisha msasa kwa nje, kwa maji, mpaka kidole kikawa hakikwami. Uwekundu haukufanana sana. Wa beseni ulikuwa umekomaa kidogo kuliko wa madigadi, na mshono ulionekana, mstari mmoja uliopinda taratibu toka pembeni mpaka katikati. Fundi akaushika mwanzo na mwisho, akakunja madigadi kwa nguvu zake zote. Ikakunjika. Ikarudi.

"Vaa kofia," akamwambia mumewe. "Na ukirudi bila hiyo kazi, usirudi na hadithi."

*

Mkaguzi alikuwa mama mfupi wa miwani, anayetembea na tochi mchana kweupe. Pikipiki kumi na mbili zilipangwa kwenye uwanja wa ofisi ya vifurushi, madereva wamesimama kando yake wamekakamaa kama wanaenda kuapishwa. Kabla ya Kesho alikuwa jamaa mmoja wanamwita Mrefu. Kava la taa yake lilikuwa limefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Mkaguzi aliligusa kwa tochi, tii, kava likadondoka.

"Hii nayo ni kazi ya nani?"

"Mimi mwenyewe, mama," akasema Mrefu kwa majivuno, maana jibu lilishatoka kabla kava halijafika chini.

"Kaa pembeni, mwenyewe."

Wenzake wakacheka. Kesho alicheka pia, kidogo, kwa adabu, kisha akakumbuka zamu inayofuata ni ya nani.

Mkaguzi akaitazama ile picha kwenye simu, ambayo Mwalimu aliipiga upya kabla baba yake hajatoka nyumbani, akaiangalia taa, akaangalia breki, akainama. Akavua miwani, akaivaa tena. Akapitisha kidole gumba kwenye ule mstari mwekundu uliokomaa, toka mwanzo mpaka mwisho.

"Hii ilivunjika."

"Ndiyo, mama."

"Lini?"

"Jana jioni."

Akaishika huku na huku, akaikunja. Madereva wote wakanyoosha shingo. Ikakunjika, ikarudi. Akaipiga ngumi. Ikatetemeka, ikanyamaza. Akalala karibu chini kabisa, akamulika kwa ndani, akakaa huko muda mrefu. Sauti yake ikatokea chini ya pikipiki.

"Nani kafanya hii?"

Neno mimi lilikuwa limeshapanda, liko nyuma ya meno. Lilikuwa neno rahisi. Wanaume kumi na mmoja wanasikiliza, Mrefu yuko pembeni na kava lake mkononi, na Kesho tangu azaliwe hakuwahi kusifiwa kwa kitu alichotengeneza, kwa sababu hakuwahi kutengeneza. Akafungua mdomo.

"Na hiyo kwenye kiwiko ni nini?" Mkaguzi alikuwa ameinuka. Akasogeza miwani. "Futi?"

Kesho akaangalia kiwiko chake. Sentimita moja, mbili, tatu, mpaka saba, zimekaa kimya, zimeganda.

"Ni futi ya mke wangu, mama. Mie jana niliiunga hii madigadi kwa gundi. Nikagundisha meza, nikagundisha mkasi wake, na hii ikashika hapa. Madigadi haikushika. Mke wangu ni fundi cherehani. Yeye ndiye kashona. Mimi nilishika tu."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Mmoja akasema, "Pikipiki imepelekwa kwa mshona magauni!" Mwingine akasema, "Muulize kama ameitia na lasi!" Kesho akasimama katikati ya kicheko hicho, masikio yanamwaka, na cha ajabu hakikumuuma kama alivyotegemea. Kilimpitia, kikaenda zake.

Mkaguzi hakucheka. Akatoa stika kwenye mkoba, akaibandika kwenye tangi, akaisugua kwa kiganja iwe sawa.

"Unaanza leo saa nane. Mke wako anapokea kazi siku gani?"

"Mama?"

"Nina kava mbili nyumbani za pikipiki ya mwanangu, na hapa kuna watu watano siwezi kuwapa stika mpaka waunge plastiki zao. Nauliza anapokea siku gani."

Kicheko kikafa pale pale. Wa lasi akawa wa kwanza kusogea. "Kaka," akasema, na dakika mbili kabla hakuwa kaka, "kwenu ni wapi vile?"

*

Alirudi na stika, na nyuma ya pikipiki akiwa amefunga kava la taa la Mrefu, madigadi mbili na kifuniko cha pembeni kimoja. Mlango ulikuwa umejifungua nusu, unachungulia kama kawaida yake. Hakumwita mtu. Akasimama kizingitini, akanyoosha kidole kwenye tangi.

Fundi aliiona stika akiwa na kitambaa mapajani. Alikwenda akaigusa, kona zote nne, kama anahakikisha haijagandishwa na mumewe. Kisha akapiga kigelegele kimoja kirefu, na Bibi, bila kujua ni cha nini, akakidaka kutoka chumba cha nyuma.

"Na haya makorokoro?" Fundi akauliza alipopata pumzi.

"Wateja wako."

"Wateja wangu? Mie na nguo nane za shule mezani? Nani kakwambia mimi nashona pikipiki?"

"Wewe ndiye uliyesema imechanika."

"Baba, hili kava ni aina nyingine," akasema Mwalimu, ambaye ameshalipindua. "Beseni halitaliunga hili. Litafutwe la aina yake."

"Msishike ndoo yangu!" ikasikika sauti ya Bibi. Akatokea na beseni lake, ukingo umemegwa kama limeng'atwa na fisi, amelishika kifuani. "Sasa hili ni la kihistoria. Nitakuwa nawaonyesha wageni."

Wakaanza kubishana wote kwa pamoja, kelele kuliko za asubuhi. Nani atashika, nani atapiga msasa, bisibisi ya tatu itapatikana wapi, nguo za shule zitamalizwa saa ngapi, na kama Mwalimu akilipwa kwa kusoma herufi tu huo ni wizi au si wizi. Katikati ya kelele hizo hakuna aliyemwona Kesho akiokota kipande cha beseni kilichobaki uani. Akakichonga kwa kisu. Akaweka bisibisi kwenye makaa, akaenda mlangoni, akapiga magoti.

Bawaba ya juu ilikuwa imelegea siku zote hizo kwa sababu tundu la skrubu lilikuwa limepanuka. Hilo tu. Miezi mitano. Akafungua skrubu, akajaza tundu kwa plastiki nyekundu iliyoyeyuka, akakandamiza, akangoja ipoe kidogo, akairudisha skrubu polepole. Ilishika. Kidole alichojiunguza akakitia mdomoni.

Saa nane kasoro akavaa kofia. Kiwiko bado kina sentimita saba.

"Haya, naondoka," akasema.

"Nenda, nenda, unatuzibia mwanga," akasema Fundi bila kugeuka, bisibisi ya moto mkononi, kava la Mrefu limejaa vibanio. "Na ufunge huo mlango... ah, nasema nini mie. Uegeshe tu."

Kesho akatoka, akauvuta. Haukuburuta. Ulikuja mwepesi nyuma ya mkono wake, ukaingia mahali pake, ukasema *tak*, na ukabaki umefungwa.